Tusichome Sahani Kabla ya Kuzisikiliza

Baba mmoja wa jamaa, Mkristu mwenye bidii, alituletea swali ambalo pengine limo moyoni mwa wasomaji wengi. Nyumbani kwake mna sanduku la sahani za muziki, zile sahani nyeusi ambazo wengine huziita santuri. Nyingine alizinunua mwenyewe ujanani, nyingine aliachiwa na marehemu kaka yake. Siku moja alimsikia mhubiri akisema kwamba nyimbo zote za kidunia ni mitego ya Shetani, na kwamba mwenye kumpenda Mungu azitie motoni. Alirudi nyumbani, akalitoa sanduku uani, akatafuta kiberiti. Mwanawe, mwanafunzi wa sekondari, akamsihi: «Baba, usizichome. Midundo ya nyimbo zetu za leo imetoka humo.» Baba akasita. Sanduku likarudishwa ndani, lakini moyo wake haukutulia. «Je,» anauliza, «nimefanya vema, au nimemsikiliza mtoto kuliko Mungu?»

Wapendwa wasomaji, swali hilo si la mchezo. Nyimbo huingia nyumbani bila kubisha hodi. Mtoto huzijua kwa moyo kabla hajajua sala zake zote. Basi mzazi anayeuliza nini kinachoimbwa nyumbani mwake anatimiza wajibu wake. Lakini kuuliza ni kazi moja, na kuchoma ni kazi nyingine. Kabla ya kuhukumu imetupasa kujua habari. Leo twataka kufuata nyayo za muziki mmoja ulioenea duniani kote, muziki wa Wamarekani Weusi uitwao soul, jina ambalo kwa Kiingereza maana yake ni roho. Tutatazama pia ndugu zake: fanki ya kucheza, na nyimbo za utulivu ambazo watu husikiliza jioni baada ya kazi. Msomaji atashangaa kuona njia ya muziki huo inaanzia wapi, nayo inapita wapi hata kufika kwetu Kongo.

MTAKATIFU AUGUSTINO NAYE ALISUMBUKA

Tusidhani kwamba fadhaa ya baba yule ni mpya. Mtakatifu Augustino, askofu wa Hipo katika Afrika ya kaskazini, aliandika habari hizo katika kitabu chake cha Maungamo, miaka zaidi ya elfu moja na mia sita iliyopita. Anakumbuka jinsi alivyotoa machozi aliposikia nyimbo za kanisa la Milano, siku zile alipobatizwa, mwaka 387. Lakini anaungama pia kwamba mara nyingine utamu wa sauti ulimgusa kuliko maneno yaliyoimbwa, na jambo hilo alilihesabu kuwa kosa lake. Alifikiri kidogo kuufukuza muziki mbali na masikio yake. Mwisho hakuufukuza, kwa kuwa aliona faida yake kwa roho zilizo dhaifu.

Hapo mtu mwenye hekima anatuonyesha njia. Muziki una nguvu, na nguvu hiyo yaweza kutuinua au kutupotosha. Kwa hiyo hatuukimbii, wala hatujitupi ndani yake kama mlevi. Mtume Paulo naye aliwaagiza Wakristu wa Tesalonike wapime mambo yote na kuyashika yaliyo mema. Lakini mtu hawezi kupima kitu asichokisikiliza.

WIMBO ULIOZALIWA MSIBANI

Twende sasa Chicago, mwaka 1932. Alikuwako huko mpiga piano aitwaye Thomas Dorsey, mwana wa mhubiri. Ujanani aliliacha kanisa, akapiga bluzi, zile nyimbo za huzuni na za mapenzi zilizopendwa na watu weusi wa Kusini mwa Marekani. Alijulikana kwa jina la Georgia Tom, na moja ya sahani zake, iliyotolewa mwaka 1928, iliuzwa sana ingawa ilijaa mizaha isiyo safi. Baadaye alirudi kwa Mungu, akaanza kutunga nyimbo za sala, lakini mkono wake ulikuwa umezoea mdundo wa bluzi. Makanisa mengi ya Chicago yalimkataa. Walisema: huu ni muziki wa baa uliovalishwa kanzu.

Mwezi wa Agosti mwaka ule alisafiri kwenda St. Louis kuimba katika mkutano wa dini. Mkewe Nettie alibaki nyumbani akiwa mjamzito. Alipokuwa bado mkutanoni aliletewa simu ya maandishi: mkewe amefariki wakati wa kujifungua. Alirudi mbio, akamkuta mtoto mchanga yu hai, lakini naye akafa muda mfupi baadaye. Wote wawili walizikwa pamoja. Dorsey alimnung'unikia Mungu, akataka kurudia bluzi zake. Kisha siku moja, mbele ya piano, uchungu ule ukageuka wimbo, nao ni Take My Hand, Precious Lord, ombi la mtu aliyechoka anayemwomba Bwana amshike mkono.

Wimbo huo uliimbwa na Mahalia Jackson, mwanamke wa New Orleans aliyehamia Chicago, mwenye sauti kubwa kama mto uliofurika. Watu wa biashara walimwahidi fedha nyingi aimbe bluzi, naye akakataa maisha yake yote. Martin Luther King aliupenda sana wimbo huo. Jioni ya tarehe 4 Aprili 1968, dakika chache kabla ya kupigwa risasi, aliomba upigwe katika mkutano wa usiku ule. Mkutano haukumwona. Mahalia aliuimba katika mazishi yake.

Mwalimu wa Katekisimu atambue jambo hili: nyimbo hizo, zilizoitwa gospeli, yaani Injili, leo zinaimbwa katika makanisa mengi ya dunia, hata katika mitaa yetu. Lakini zilipozaliwa ziliitwa za kidunia. Kama watu wa Chicago wangalizichoma zote siku ile, ni waombolezaji wangapi wangekosa faraja?

WALIOTOKA KANISANI NA WIMBO WAO

Ikawa zamani mwendo ulikuwa wa kuingia, muziki wa mtaani ukaingia kanisani. Baada ya vita kuu ya pili mwendo ukageuka, na muziki wa kanisani ukatoka nje.

Ray Charles, aliyezaliwa mwaka 1930 na kupofuka akiwa na miaka saba hivi, alichukua wimbo wa gospeli uliokuwa ukisikika redioni, akaondoa jina la Yezu, akatia habari za mwanamke. Sahani hiyo, I Got a Woman, ilitoka mwisho wa mwaka 1954. Vijana walifurahi mno, wazee wa kanisa wakakasirika. Hata Big Bill Broonzy, mkongwe wa bluzi, alilaumu kwamba si haki kuchanganya vitu hivyo viwili.

Nyuma yake alikuja Sam Cooke, naye mwana wa mhubiri. Aliongoza waimbaji wa gospeli waitwao Soul Stirrers, na sauti yake laini iliwafanya akina mama walie kanisani. Alipojaribu wimbo wake wa kwanza wa kidunia aliona haya, akajificha chini ya jina la Dale Cook. Lakini sauti haifichiki. Watu walimtambua, na wengi wa wasikilizaji wake wa zamani hawakumsamehe. Mwaka 1957 wimbo wake You Send Me ulishika nafasi ya kwanza katika Marekani nzima.

Je, mtu huyu alimwacha Mungu? Sisi hatujui mioyo ya watu. Tunajua hili tu: mwezi wa Oktoba 1963 yeye na mkewe walikataliwa chumba katika hoteli ya Shreveport, jimbo la Louisiana, kwa sababu ya rangi yao. Katika Januari 1964 alirekodi A Change Is Gonna Come, wimbo unaongojea haki kama vile Waisraeli walivyoingojea nchi yao. Haukutungwa kwa ajili ya kanisa, walakini kila anayeusikiliza husikia ndani yake kwaya ya utoto wake. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule aliuawa kwa risasi katika Los Angeles, akiwa na umri wa miaka 33. Maisha yake hayakuwa kielelezo katika yote. Wimbo wake umewapa nguvu watu walioonewa mpaka leo.

Hapa ndipo penye fundisho. Mtu aweza kutoka kanisani na mali njema akaitumia vibaya, aweza pia kuipeleka kwa watu ambao hawangeingia kanisani kamwe. Hatuwezi kujua ni lipi alilolitenda mpaka tusikilize wimbo mmoja mmoja.

ALIYERUDI KWA SIKU MBILI

Wanafunzi hupenda kujua ni nani mkubwa kuliko wote katika muziki huu. Wengi watataja jina la Aretha Franklin. Alizaliwa Memphis mwaka 1942, akalelewa Detroit, ambako baba yake alikuwa mchungaji mashuhuri wa kanisa la New Bethel. Mama yake alifariki Aretha akiwa bado mtoto mdogo. Alipokuwa na miaka 14 sauti yake ilirekodiwa katika kanisa hilo. Baadaye aliingia muziki wa kidunia, na mwaka 1967 wimbo Respect, uliotungwa na Otis Redding, ulimfanya ajulikane pote. Redding aliuimba kama mume anayedai heshima nyumbani kwake, Aretha akaugeuza ukawa sauti ya mwanamke anayedai heshima yake. Mabinti wengi, na watu weusi wote wa Marekani, waliuchukua kama dai lao wenyewe.

Katika Januari 1972, akiwa kileleni mwa sifa zake, aliingia kanisa dogo la Wabaptisti katika Los Angeles, akaimba gospeli siku mbili, tarehe 13 na 14, pamoja na mchungaji James Cleveland na kwaya yake. Baba yake alikuwapo. Miongoni mwa nyimbo zile ulikuwamo wimbo wa Thomas Dorsey, ule uliozaliwa msibani. Wiki mbili baadaye Mahalia Jackson alifariki, na Aretha akauimba katika mazishi yake, kama vile Mahalia alivyouimba katika mazishi ya King. Angalia basi jinsi wimbo mmoja ulivyopita mkono kwa mkono, kama mshumaa wa Pasaka unavyowasha mishumaa mingine.

Sahani mbili za siku hizo, zenye jina Amazing Grace, ziliuzwa kuliko sahani kubwa nyingine zote alizozitoa. Ilipigwa pia filamu, lakini wapiga picha walisahau kutia alama za kuunganisha sauti na picha, nayo ikalala ghalani miaka mingi. Ilionyeshwa mwisho wa mwaka 2018, miezi michache baada ya Aretha kufariki tarehe 16 Agosti mwaka ule. Anayeitazama huona mwanamke ambaye hasemi karibu neno lolote, anafumba macho, anaimba, na jasho linamtiririka. Haoneshi fahari yoyote.

Naye Al Green, ambaye mwaka 1972 nyimbo zake za mapenzi zilisikika kila mahali, alifungua kanisa lake katika Memphis mwaka 1976, akawa mchungaji. Kweli, njia ile ina milango miwili.

BABA NA BINTI YAKE

Si kila sahani hutikisa nyumba. Ziko nyimbo za utulivu, zinazofaa saa ya jua kuchwa, mama anapokunja nguo na baba anapopumzika kitini. Bingwa wa nyimbo za namna hii alikuwa Nat King Cole, aliyezaliwa Alabama mwaka 1919. Baba yake alikuwa mhubiri, mama yake mpiga kinanda wa kanisa, ndiye aliyemfundisha piano. Aliimba polepole, akitamka kila neno kwa ukamilifu. Mwanafunzi anayejifunza Kiingereza angeweza kumfanya mwalimu wake.

Mwaka 1951 alirekodi Unforgettable, wimbo wa mtu asiyesahaulika. Alivuta sigara nyingi mno, na tarehe 15 Februari 1965 aliuawa na ugonjwa wa kansa ya mapafu, akiwa na miaka 45 tu. Vijana mnaovuta kwa kuiga wakubwa, kumbukeni hilo. Binti yake Natalie alikuwa na miaka 15. Mwaka 1991, kwa ustadi wa mitambo, Natalie aliimba wimbo ule ule pamoja na sauti ya baba yake iliyohifadhiwa katika utepe. Baba anaimba ubeti, binti anajibu, kana kwamba wameketi meza moja, ijapokuwa miaka 26 ya kaburi iliwatenga. Watu wengi walilia walipousikia.

Kwa sababu hiyo sahani ya zamani si takataka. Ni sauti ya mtu aliyekufa, nayo inaweza bado kusema na watoto wake. Baba yetu mwenye sanduku alisema kwamba nyingine aliachiwa na marehemu kaka yake. Je, amekwisha kuwaambia watoto ni wimbo gani baba yao mkubwa aliupenda?

NGOMA ILIYORUDI KINSHASA

Sasa tuseme juu ya fanki, ambayo wazazi huiogopa zaidi. Mwenye kuianzisha ni James Brown, aliyezaliwa katika umaskini mkubwa mwaka 1933, akafungwa gerezani akiwa kijana kwa ajili ya wizi, na huko akaimba gospeli na wafungwa wenziwe. Katika muziki wake kila chombo hugeuka ngoma. Gitaa hukwaruza kama manyanga, tarumbeta hukata kwa ghafula, na pigo la kwanza la kila mzunguko hukanyagwa kwa nguvu. Mwafrika anayesikia hahitaji kufundishwa. Mguu wake wajua.

Katika Novemba 1969, huko Cincinnati, James Brown alirekodi wimbo uitwao Funky Drummer. Katikati alinyamazisha vyombo vyote, akamwacha mpiga ngoma Clyde Stubblefield peke yake kwa muda mfupi. Sekunde zile chache zimekatwa na kutiwa ndani ya nyimbo mamia za vijana waliokuja baadaye. Hapo mwana wa sekondari alisema kweli, midundo ya leo imetoka katika sanduku la zamani. Lakini tuongeze neno. Stubblefield hakuandikwa kuwa mtungaji, kwa hiyo hakupata haki ya mtungaji kwa kazi hiyo iliyotajirisha wengi. Alifariki mwaka 2017. Papa Leo wa Kumi na Tatu, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba mfanyakazi anastahili ujira wa haki. Fundisho hilo lahusu pia mpiga ngoma.

Muziki huu ulifika kwetu kwa kishindo mwaka 1974. Tarehe 22 mpaka 24 Septemba, Kinshasa iliwapokea James Brown, B. B. King, Bill Withers, Celia Cruz wa Kuba na Miriam Makeba wa Afrika Kusini, pamoja na wenyeji Franco na Tabu Ley. Sherehe hiyo ilipangwa iende sambamba na pigano la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman aliumia juu ya jicho wakati wa mazoezi, pigano likaahirishwa mpaka tarehe 30 Oktoba, lakini wanamuziki walikuwa wamekwisha kufika, wakapiga. Uwanja huo uliitwa wakati ule uwanja wa Tarehe 20 Mei. Leo unaitwa Tata Raphaël, kwa heshima ya padri Raphaël de la Kethulle wa shirika la Scheut, aliyewapenda vijana wa Léopoldville na kuwajengea shule na viwanja vya michezo. Basi wajukuu wa watumwa walirudi kupiga ngoma yao katika uwanja ambao sasa una jina la mmisionari.

NA SISI TUNA SAHANI ZETU

Ingekuwa aibu kwa Mkongo kujua sahani za Detroit bila kujua za nyumbani. Usiache mbachao kwa msala upitao. Mwaka 1948 Wendo Kolosoy, pamoja na mpiga gitaa Henri Bowane, alirekodi Marie-Louise kwa ajili ya nyumba ya sahani iitwayo Ngoma, iliyoanzishwa Léopoldville na Mgiriki Nicolas Jéronimidis. Sahani hizo za kale zilizunguka mara 78 kwa dakika, na kila upande ulichukua dakika tatu hivi, kwa hiyo mwimbaji alipaswa kusema neno lake kwa ufupi. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa nyimbo za Afrika, alimkuta kijana Jean Bosco Mwenda katika Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi, akapiga gitaa la peke yake kana kwamba ni watu wawili. Sahani ya Masanga iliyotokea hapo ilisikilizwa na wapiga gitaa mpaka Nairobi na hata ng'ambo. Desemba 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Kongo zote mbili katika hesabu ya urithi wa wanadamu.

Juu ya hizo zote, Mkristu wa Kongo asikose kuijua Missa Luba. Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alifika Kamina, katika Katanga, akawakusanya wavulana wa shule na walimu wao katika kwaya. Hakuwafundisha nyimbo za Ulaya tu. Aliwasikiliza kwanza. Kutoka katika nyimbo za Waluba na za makabila jirani, nyimbo za kuomboleza, za kuagana na za kucheza, yeye na waimbaji wake walitengeneza Misa kamili ya Kilatini, ikaadhimishwa Kamina tarehe 23 Machi 1958. Mwaka huo huo kwaya ilikwenda Ulaya, ikaimba pia katika maonyesho makubwa ya Bruxelles. Sahani yake ikaenea duniani, na Sanctus yake ilisikika hata katika filamu ya Kiingereza ya mwaka 1968.

Wakati ule wako Wakristu walioshtuka: ngoma kanisani? Lakini tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa pili wa Vatikano ulifundisha kwamba muziki wa mataifa ya misioni upewe heshima yake na nafasi yake katika ibada. Na mwaka 1988 Roma iliidhinisha Misale kwa ajili ya majimbo ya Zaire, ambamo watu humsifu Mungu kwa nyimbo na mwendo wa mwili kama mababu walivyojua. Wavulana wa Kamina walitangulia.

NAMNA YA KUTAFUTA SAHANI NJEMA

Siku hizi kijana hubeba nyimbo nyingi katika simu yake kuliko duka zima la zamani. Lakini mashine inayomchagulia humrudishia mara nyingi kile alichokwisha kukipenda jana. Hivyo husikia mengi na kujua machache. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza: ule unaotangazwa kila saa si lazima uwe mwema. Twashauri haya.

Kwanza, soma majina. Nyuma ya jalada la sahani yameandikwa majina ya mtungaji, ya wapigaji, ya mji na ya mwaka. Fuata jina moja mpaka sahani nyingine, nalo litakupeleka mahali usipopatazamia, kama jina la Dorsey lilivyotuleta kwa Aretha.

Pili, sikiliza mara tatu. Mara ya kwanza mwili utasikiliza, mwache. Mara ya pili sikiliza maneno, na kama hujui lugha, mwulize ajuaye. Mara ya tatu jiulize: wimbo huu unanifanya nitamani kuwa mtu wa namna gani? Ule unaomdharau mwanamke, unaosifu ulevi, au unaomcheka maskini, uweke kando, hata mdundo wake ukiwa mtamu kama asali. Huo hauna haja ya mhubiri kukuambia.

Tatu, sikilizeni pamoja. Mzazi apige sahani moja ya zamani, mtoto apige wimbo mmoja mpya, kila mmoja aeleze kwa nini anaupenda. Kijana atajifunza subira, na mzee atajua kinachosumbua kizazi cha mwanawe.

Nne, tunzeni mlivyo navyo. Sahani hushikwa kwa ukingo, husimamishwa wima, huwekwa mbali na jua na vumbi. Sahani za zamani zikivunjika, sauti nyingine hazipatikani tena popote.

JIBU LETU

Sasa tumjibu baba yetu. Ndugu mpendwa, hukumtii mtoto kuliko Mungu. Ulisita, na kusita kabla ya kuhukumu ni mwanzo wa hekima. Lakini usiliache sanduku limefungwa, kwa maana sanduku lililofungwa halina faida kuliko lililochomwa. Jumapili hii, baada ya Misa na chakula, lifungue pamoja na mwanao. Pigeni moja moja. Zile ambazo utaona haya kuzisikiliza mbele ya binti zako, ziondoe bila majuto, na umwambie mwanao sababu, asidhani ni hasira. Zile zilizokufariji ulipokuwa na taabu, zihifadhi. Na ile aliyoipenda marehemu kaka yako ipige ya mwisho, kisha mumwombee raha ya milele.